Taa nyekundu ya amplifaya: izimwe au iachwe?

Saa 10:30 alfajiri, mtaa wetu wa Wazo, Dar es Salaam, ukiwa bado gizani, muadhini hufungua kabati la mbao lililoegemea ukuta wa msikiti, hubonyeza swichi, husubiri pumzi mbili tatu, kisha hugonga maikrofoni kwa kidole. Majirani tunaifahamu ile "pu, pu" inayotangulia adhana. Kabla ya siku kwisha atalirudia kabati hilo mara nne nyingine, na karibu kila akimaliza huzima.

Hatua chache kutoka hapo lipo kanisa ambalo amplifaya yake na kinanda chake huamshwa mara mbili kwa wiki, siku ya mazoezi ya kwaya na Jumapili. Na katikati ya nyumba hizo mbili za ibada, upande wa barabara iendayo Madale, ipo grosari ambayo sabufa yake sijawahi kuikuta imezimwa. Hata mchana wa Jumatatu, viti vikiwa vimepinduliwa juu ya meza, taa yake nyekundu inawaka.

Vyombo vitatu, mtaa mmoja, umeme uleule, vumbi lilelile. Kipi kitaishi zaidi? Na je, kile kisichozimwa kina sauti nzuri kuliko wenzake, kama wanavyoshikilia wapenzi wengi wa muziki?

Swali hili ninalo tangu amplifaya ya marehemu baba ilipokufa mikononi mwetu. Baba aliitunza kwa wivu. Aliiwasha jioni akirudi kazini, akasikiliza muziki wa Msondo au Sikinde kwa saa mbili, akaizima, akachomoa na waya ukutani. Alipofariki tukairithi sisi watoto, na sisi tulikuwa tumeshasikia mahali kwamba chombo cha muziki kikikaa na moto ndipo kinapolia vizuri, na kwamba kukizima na kukiwasha ndiko kunakokiua. Basi hatukuizima tena. Ilikaa ndani ya kabati la vioo sebuleni, juu yake kitambaa cha kufuma alichokitandika mama, usiku na mchana. Haikufikisha miaka mitatu. Sauti ilianza kukoroma upande wa kushoto, ikafuata mivumo ya umeme isiyoisha, mwisho ikanyamaza kabisa.

Nikaipeleka kwa fundi redio pale Tegeta kwa Ndevu, mzee aliyeanza kazi hiyo enzi za redio za mbao.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, mwanangu. Weka hapo."

Aliifungua, akainusa kabla ya kuigusa. Halafu akanionyesha kopo dogo la rangi ya samawati ambalo kichwa chake kilikuwa kimevimba kama andazi. Kapasita. Pembeni yake jingine, na jingine.

"Hii haikuungua," alisema. "Hii imepikwa. Mlikuwa mnaizima?"

"Hapana mzee. Tuliambiwa ikikaa na moto ndiyo inalia vizuri."

"Nani kawaambia?"

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na nadhani sasa ninalo. Waliotuambia hawakuwa waongo. Walikuwa wakizungumzia chombo kingine.

Redio zilizotangulia kuingia Afrika Mashariki zilikuwa za valvu, zile chupa za kioo zenye uzi wa chuma ndani unaowaka wekundu. Sauti ya Dar es Salaam ilipoanza kurusha matangazo mwaka 1951, asiye na redio ya valvu hakuwa na redio. Chombo cha namna hiyo ukikiwasha hakisemi chochote kwanza. Uzi hupata moto, hupasha bomba la chuma lililouzunguka, na bomba likishafikia joto lake ndipo chembe za umeme huanza kuruka ndani ya kioo na sauti kutokea, taratibu, kama mtu anayekuja kutoka mbali. Wazee waliposema "iache ipate moto kwanza" walikuwa wakieleza jambo la kweli kabisa.

Na lile la pili, kwamba kuwasha na kuzima ndiko kunakoua, nalo lilikuwa kweli kwa valvu. Uzi wa chuma ukiwa baridi huuzuia umeme kidogo sana kuliko ukiwa moto. Kwa hiyo dakika ile ya kubonyeza swichi mkondo mkubwa hupita ghafla, uzi hutanuka, kioo na vyuma vilivyoshikana navyo hutanuka kila kimoja kwa kiasi chake. Ndiyo sababu hata taa ya zamani ya uzi ilipenda kufa palepale unapobonyeza swichi, kwa mwanga mmoja mkali na kishindo kidogo, na mara chache sana ikiwa imekwisha kuwaka.

Mtu aliyelielewa hilo kuliko wengine alikuwa Tommy Flowers, mhandisi wa idara ya posta ya Uingereza. Kabla ya Vita Kuu ya Pili alikuwa akishughulika na mitambo ya simu yenye maelfu ya valvu, akaona kwamba zile zisizozimwa kamwe hazifi ovyo. Vitani alipopendekeza kujenga mashine ya kuvunja siri za Wajerumani kwa valvu zaidi ya elfu moja, wakubwa walimwambia haitadumu, valvu moja ikifa kila mara kazi itakwama. Flowers akashikilia neno lake: iwasheni, msiizime. Mashine hiyo, Colossus, ilifika Bletchley Park Januari 1944 ikafanya kazi iliyokusudiwa. Wamarekani nao walipojenga ENIAC, kompyuta yenye valvu zikaribiazo 18,000, waligundua kwamba nyingi hufa wakati mtambo unapopashwa moto au unapopoa, wakachagua kuuacha ukiwaka.

Kanuni hiyo ikashuka kutoka kwa wahandisi hadi kwa mafundi, kutoka kwa mafundi hadi kwa wenye redio, ikavuka bahari. Njiani, chombo chenyewe kikabadilika. Transista ilizaliwa katika maabara za Bell huko Marekani mwaka 1947, na ndani ya miaka ishirini ilikuwa imeingia vijijini kwetu ndani ya redio za betri. Transista haina uzi wa kuwaka. Ukiiwasha inasema papo hapo. Lakini kauli ya valvu ilibaki midomoni mwa watu, kama kanzu ya babu inavyobaki kwenye sanduku la mjukuu asiyelingana nayo kimo.

Kwa upande wa redio za betri tulikuwa na mafunzo mengine kabisa, na ninayaona kuwa bora zaidi. Jirani zetu wa Rhodesia ya Kaskazini, Zambia ya leo, waliuziwa mwaka 1949 redio ndogo ya valvu yenye umbo la sufuria, iliyotumia betri ya kudumu kiasi cha saa 300. Mwenye saa 300 hasahau redio ikiwaka. Taarifa ya habari ikiisha, kitufe kinazungushwa. Hata sisi tuliokuja baadaye, wa betri za National, tuliona wazazi wakizima redio kati ya kipindi na kipindi na kuzianika betri juani juu ya bati ili zijikusanyie nguvu kidogo. Baba alitoka katika malezi hayo. Sisi wanawe wa umeme wa ukutani tukadhani ule ulikuwa ubahili.

Turudi kwenye lile kopo lililovimba. Ndani ya kapasita ya aina ile mna karatasi ya alumini iliyoviringishwa pamoja na karatasi nyingine iliyoloweshwa majimaji. Kazi yake ni kuhifadhi umeme na kuulainisha, ili ule unaotoka ukutani, unaopanda na kushuka mara 50 kwa sekunde, ufike kwenye transista ukiwa umetulia. Majimaji yale hukauka. Hukauka taratibu kwenye ubaridi na haraka kwenye joto, na watengenezaji huandika ubavuni umri na joto: mathalani saa 2,000 katika nyuzi joto 85. Mafundi wanayo kanuni ya kukadiria: kila unapopunguza nyuzi 10, umri unajizidisha mara mbili.

Hebu tufanye hesabu ya amplifaya ya baba. Ndani ya kabati la vioo, chini ya kitambaa cha kufuma, kwa joto la Dar es Salaam la Januari ambapo hewa yenyewe hupita nyuzi 30 mchana, si ajabu kapasita zikae kwenye nyuzi 55. Kutoka 85 hadi 55 ni hatua tatu za nyuzi kumi, kwa hiyo saa 2,000 zinakuwa 16,000. Mwaka una saa 8,760. Chombo kisichozimwa kinazimaliza saa 16,000 kabla mwaka wa pili haujaisha. Kikiwashwa saa tano kwa siku, saa hizohizo zinafika karibu miaka tisa. Sasa toa kitambaa, fungua nyuma ya kabati hewa ipite, joto lishuke hadi 45: saa zinakuwa 32,000, na kwa saa tano kwa siku unazungumzia zaidi ya miaka 17. Baba hakupiga hesabu hii. Aliishi ndani yake tu.

Si kwamba ikifika saa hiyo kapasita inalipuka. Inapungua, mlio unapoteza uzito, mivumo inaanza, na mwenye nyumba anazoea kidogo kidogo hadi mgeni aingie aulize mbona redio inanguruma.

Watu wa upande wa "msiizime" wana hoja nyingine nzito zaidi: swichi yenyewe, viungo vya risasi vinavyotanuka na kunywea, fyuzi inayochoka kwa ule mkupuo wa mwanzo. Hayo yapo. Lakini yapimwe. Swichi za kawaida za vyombo hivi nyingi hujaribiwa kwa kubonyezwa mara 10,000. Muadhini wetu hata akiwasha mara tano kwa siku, yaani mara 1,825 kwa mwaka, swichi yake ina miaka mitano na nusu hivi ya kazi. Mwenye nyumba anayewasha mara moja kwa siku ana miaka 27. Na siku swichi ikifa, fundi anaibadilisha wakati wewe umekaa kwenye benchi unasubiri. Kapasita zikifa vibaya zinaweza kuondoka na transista, transista zikaondoka na koili ya spika.

Hii haina maana msikitini pazimwe kila mara bila kufikiri. Kati ya Magharibi na Isha kuna saa moja na dakika chache. Chombo hakijapoa sawasawa, unakiwasha tena. Hapo kuacha kikiwaka ni busara. Baada ya Isha hadi alfajiri ni karibu saa tisa, na hapo sioni hoja.

Mpaka hapa nimezungumza kana kwamba Wazo ni maabara. Si maabara. Wazo ni kilima cha chokaa, na saruji ilianza kutengenezwa hapa mwaka 1966. Malori yanapita, barabara nyingi za mitaani kuanzia Kisanga hadi Mivumoni ni za udongo, na kiangazi kila kitu ndani ya nyumba kina ngozi nyembamba ya kijivu. Vumbi likitua kwenye hitisinki, kile chuma chenye mapezi kinachopoza transista, linakuwa blanketi. Chombo kinachowaka mchana kutwa, hasa chenye feni, kinavuta vumbi mchana kutwa. Fundi alinionyesha kwenye amplifaya ya baba tabaka lililoshikana mpaka linabanduka kama ukoko wa wali.

Upande wa mashariki tuna bahari, Kunduchi na mashamba yake ya chumvi. Unyevu wa pwani hutafuna chuma, na hapa ndipo watu wa "msiizime" wana hoja ambayo naiheshimu: chombo chenye uvuguvugu hakishiki unyevu. Anayekaa pwani kabisa na kinanda au mikisa isiyotumika mwezi mzima anafanya vema kukiwasha mara moja kwa wiki kwa saa moja. Tena chombo kilicholala miaka mingi hakipaswi kuamshwa kwa nguvu. Utando mwembamba ulio ndani ya kapasita unaozuia umeme kuvuja hudhoofika kwa kukaa bure muda mrefu, na fundi mwenye uzoefu hukipandishia umeme polepole. Wenzetu wa Unguja walikaa bila umeme wa gridi tangu Desemba 2009 hadi Machi 2010, baada ya hitilafu ya waya wa chini ya bahari ule unaotoka Ras Kiromoni, jirani na sisi hapa, kwenda Fumba. Miezi mitatu haiui kapasita. Redio ya valvu ya babu iliyokaa stoo tangu enzi za Azimio la Arusha, hiyo usiichomeke leo jioni kwa furaha. Mpelekee fundi.

Halafu kuna viumbe. Mjusi kafiri na mende wanapenda vuguvugu. Chombo kinachowaka usiku kucha ni nyumba ya wageni yenye kitanda cha moto, na mjusi anayepita kati ya miguu miwili ya transfoma anaondoka na chombo chote. Mafundi wa Dar es Salaam wanaukuta mzoga huo mara nyingi kiasi kwamba hawaushangai.

Lakini yote hayo, vumbi na chumvi na mijusi, ni madogo mbele ya jambo linalolifanya swali hili kuwa tofauti kwetu kuliko kwa anayeliuliza Tokyo au Berlin. Yule akisema "naacha chombo kikiwaka", kweli kinabaki kikiwaka. Sisi tukisema hivyo, tunamaanisha kwamba tumeiachia gridi swichi yetu.

Watu wanakumbuka mgawo wa umeme wa mwishoni mwa 2023 na miezi ya mwanzo ya 2024, kabla mashine za bwawa la Julius Nyerere hazijaanza kusaidia. Ya kwanza, yenye megawati 235 kati ya 2,115 zilizokusudiwa, iliingia Februari 2024. Usiku wa kuamkia 1 Aprili mwaka huo gridi nzima ya taifa ilipata hitilafu. Kenya walipitia giza kama hilo Agosti 2023. Sababu zinatofautiana, ila kwa amplifaya iliyoachwa na swichi imebonyezwa matokeo ni yaleyale: imezimwa bila kuulizwa, na itawashwa bila kuulizwa.

Na kuwashwa huko ni kubaya kuliko kule kwa kidole chako. Umeme unaporudi, kila friji, kila pampu na kila feni ya mtaa inadai yake kwa wakati mmoja. Volti zinashuka, zinaruka, zinashuka tena, pengine umeme wenyewe unakatika na kurudi mara mbili tatu ndani ya dakika moja. Kila mruko ni ule mkupuo wa mwanzo tuliouzungumzia, sasa ukiwa umefungana na mwingine kabla chombo hakijapumua. Ndiyo maana kifaa cha kulinda friji, frijigadi kama wanavyokiita madukani Kariakoo, husubiri dakika kadhaa kabla ya kuruhusu umeme upite. Kinasubiri wale wenye pupa watulie. Wengi wetu tumemnunulia friji mlinzi huyo, tukaiacha amplifaya ya thamani ileile ikijitegemea.

Lipo na baya zaidi, nalo watu wengi hawalijui. Nyumba zetu nyingi zinapata volti 230 kati ya waya mmoja wa moto na waya wa nyutro, huku nyumba ya jirani ikitumia waya wa moto mwingine na nyutro hiyohiyo. Kati ya nyaya mbili za moto zipo volti 400. Upepo wa masika ukiangusha tawi, nyutro ikikatika na nyaya za moto zikabaki, nyumba zenu mbili zinajikuta zimefungwa mfululizo kati ya hizo volti 400, na mwenye mzigo mdogo anapokea sehemu kubwa. Taa zinang'aa kupita kiasi kwa sekunde chache. Ukiona hivyo, kimbilia swichi kubwa. Chombo kilichochomolewa ukutani hakina habari na yote haya. Na radi nayo ni hivyohivyo, ila kwa radi lazima uchomoe pia waya wa dishi na wa antena, kwa kuwa umeme wa mawingu hauchagui mlango.

Sasa sauti, maana wapenzi wa muziki wataniambia nimezungumzia uhai nikasahau raha.

Amplifaya ya transista ina mkondo mdogo unaopita hata wimbo usipopigwa, uliowekwa makusudi ili transista zipokezane bila kukwaruza. Mkondo huo hubadilika kadiri hitisinki inavyopata joto, na hutulia baada ya dakika 20 au 30. Zile za daraja A, zinazokula umeme mwingi muda wote na kuwa moto kama pasi, huchukua zaidi kidogo. Hata vyombo vya kupimia vya maabara, vile vya mafundi wakubwa, huandikiwa kwamba vipimo vyake ni vya kuaminika baada ya nusu saa. Kwa hiyo anayesema chombo chake kinalia vizuri zaidi baada ya kupata moto hadanganyi, ingawa tofauti ni ndogo na mara nyingi vipimo vinaiona kuliko masikio. Asichoweza kuonyesha ni kwamba saa 24 zinampa kitu ambacho nusu saa haimpi.

"Lakini usiku wa manane inalia vizuri kuliko jioni," ataniambia, "na imeshinda ikiwaka." Namwamini. Ila atazame saa. Kati ya saa 1 na saa 4 usiku ndipo Tegeta, Salasala na Wazo yote wanapika, wanapiga pasi na kuwasha feni, na nyumba iliyo mwisho wa laini volti zake zinaweza kushuka hadi 190. Amplifaya nyingi hazina kitu cha kurekebisha hilo ndani yake, na nguvu yake ya juu hupungua kwa karibu theluthi moja. Sikioni hiyo ni chini ya desibeli 2, lakini ngoma za chini zinapoteza kifua na vilele vinakatika mapema. Ikipita saa 6 usiku, watu wamelala, volti zimepanda, pikipiki zimenyamaza, mbwa wawili watatu tu wanabweka mbali. Muziki uleule unafunguka. Hakika umefunguka. Sifa zikaenda kwa chombo kushinda kikiwaka, wakati aliyestahili ni mtaa uliolala.

Spika ndiyo kabisa, haina la kufaidi kwa joto. Koili yake ni ya shaba, na shaba ikipata moto inazidi kuuzuia umeme. Ikipanda nyuzi 100, kizuizi kinaongezeka kwa karibu asilimia 40. Ndiyo maana kwenye sherehe za usiku za Temeke na Mbagala, ikifika saa 8, mpiga singeli anaongeza sauti na sauti haiongezeki. Anazidi kuipika tu.

Niseme na juu ya LUKU, mita yetu ya umeme wa kulipia kabla, maana huo ndio ushahidi unaoonekana kwa macho. Chukua amplifaya ya kawaida inayokula wati 40 ikiwa kimya. Kwa mwezi wa siku 30 bila kuzimwa ni uniti 28.8, na kwa bei ya mteja wa kawaida ya karibu shilingi 356 kwa uniti pamoja na tozo zake, ni zaidi ya shilingi 10,000. Ukiiwasha saa nne kwa siku, ni chini ya 2,000. Kwa aliye kwenye kundi la matumizi madogo la uniti 75 kwa mwezi, uniti 28 za kupasha moto kabati tupu ni zaidi ya theluthi ya mgao wake.

Sabufa za siku hizi zenye rimoti zinakula kidogo sana zikisubiri, hiyo ni kweli. Nchi za Ulaya zimezilazimisha bidhaa zinazouzwa kwao zisizidi nusu wati tangu 2013. Tatizo lake ni jingine. Ukiizima kwa rimoti, kile kisehemu kidogo kinachosubiri amri yako kinaendelea kufanya kazi saa 24, na kapasita zake ndogo ndizo mara nyingi hutangulia kufa. Mtu analeta king'amuzi kwa fundi, kizima kila mahali, isipokuwa hakiwaki. Kilichokufa ni bawabu.

Kwa nyumbani, basi, rai yangu ni ile ya baba. Washa nusu saa kabla ya kusikiliza kwa dhati, ukimaliza zima kwenye swichi ya ukutani, na mawingu yakifunga au umeme ukikatika, chomoa. Unapowasha, amplifaya iwe ya mwisho, baada ya simu, deki au mikisa, na unapozima iwe ya kwanza. Ule mshindo wa "pa!" unaorusha koni za spika mbele hutokana na kukosea mpangilio huo. Redio ya valvu usiizimezime kila baada ya robo saa, lakini usiiache ilale ikiwaka, kwa kuwa valvu nazo zina saa zake za kuhesabika na hazipatikani tena kirahisi. Studio na vituo vya redio wana sababu ya kuacha mitambo ikiwaka, na wana viyoyozi, jenereta na mafundi wa zamu wa kuilinda. Sebule yangu haina hata kimoja.

Amplifaya ya baba ilipona. Fundi alibadilisha kapasita saba, akasugua ubao kwa brashi ya meno na spiriti, akanikabidhi na sharti moja, kwamba kile kitambaa kisirudi juu yake. Mama alikikunja akakiweka kwenye droo.

Msimu wa masika uliopita nilimuuliza muadhini kama huizima kati ya Magharibi na Isha. Akasema hapo huiacha, muda ni mfupi. Kisha akanionyesha nyuma ya kabati matundu yaliyotobolewa kwa mkono na muadhini aliyemtangulia, na akaweka kiganja juu ya amplifaya kama mtu anayempima mtoto homa. Siku mbili baadaye, radi zilianza kupiga upande wa bahari kabla ya Isha. Nilikuwa barazani. Sikuisikia "pu, pu". Nikajua amechomoa waya. Akatoka, akasimama mlangoni mwa msikiti, mkono sikioni, akaadhini kwa koo lake mwenyewe, na mtaa mzima ulimsikia.